Fleury: meya yupo, wakazi hawapo

Fleury-devant-Douaumont ina meya, ina mipaka, na jina lake limo kwenye ramani ya mkoa wa Meuse, kaskazini mashariki mwa Ufaransa. Wakazi ndio hawapo. Sensa inaandika sifuri.

Nilitoka Paris kwa treni ya mwendo kasi hadi kituo cha Meuse, kilichosimama peke yake katikati ya mashamba, kisha basi hadi Verdun. Kutoka Verdun hadi Fleury ni kilomita kama 7, nikaamua kwenda kwa miguu. Barabara inapanda taratibu, msitu kulia na kushoto. Miti ile ilipandwa na watu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali iliona ardhi ya hapa imejaa mabomu na mabaki ya maiti kiasi cha kutofaa tena kwa jembe, ikaitwaa na kuioteshea misonobari. Mabomu bado yanaibuka hadi leo, na vibao vinakuonya usiiache njia. Nilivitii bila ubishi.

Mwaka 1913 Fleury ilikuwa na watu 422. Tarehe 21 Februari 1916 Wajerumani walipoanza kuishambulia Verdun, wanakijiji waliondolewa. Kati ya Juni na Agosti kijiji kilitekwa, kikakombolewa, kikatekwa tena, mara 16 kwa jumla. Mizinga ilipotulia hapakuwa na nyumba ya kurudia.

Ukifika utaona kwanza ardhi yenyewe. Huwezi kupiga hatua tano kwenye tambarare: shimo limeingia ndani ya shimo jingine, kama unga wa chapati uliopigwa ngumi ukaachwa hivyo hivyo, na majani yameota juu yake. Vijia vyembamba vinapita pale zilipokuwa barabara za kijiji, na kando yake kuna nguzo fupi zinazoeleza nani alikuwa wapi: mwoka mikate, mhunzi, shule, ofisi ya meya. Kwenye nguzo ya mwoka mikate nilimkuta mzee mmoja na mkewe. “Umechelewa, bwana,” mzee akanitania, “mikate imekwisha.” Mkewe hakucheka.

Lilipokuwa kanisa, sasa kuna kikanisa kidogo cha mwaka 1979, kilichowekwa chini ya Bikira Maria wa Ulaya.

Huyo meya anapatikanaje pasipo wapiga kura? Anateuliwa na mkuu wa mkoa. Kwa Wafaransa hata kijiji cha watu kumi ni manispaa kamili, na baada ya vita walikataa kuvifuta vijiji hivi kwenye daftari la serikali. Fleury si peke yake: Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Haumont na Louvemont, zote za eneo hili la Verdun, nazo ni manispaa zisizo na mkazi hata mmoja. Kazi kubwa ya meya ni kuwatunza waliokufa: mnara wa kumbukumbu, kikanisa, vijia, sherehe za kila mwaka. Nimeona ofisi nyingi zenye watu wengi na kazi chache kuliko hiyo.

Mbele kidogo, huko Douaumont, kuna jengo lililozinduliwa 1932 lenye mifupa ya askari wapatao 130,000 wasiotambulika, Wafaransa na Wajerumani wamechanganyika. Ngome ya Douaumont ilikombolewa tarehe 24 Oktoba 1916, na miongoni mwa waliopigana siku hiyo walikuwamo Wasenegali na Wasomali waliotoka pande za Djibouti. Sikumbuki kufundishwa hilo shuleni. Kwenye makaburi ya nje, ya Waislamu yameelekezwa Makka.

Jumba la makumbusho ya vita vya Verdun limejengwa palipokuwa kituo cha reli cha Fleury. Nilipofika hapo mchana, mabasi ya wanafunzi yalikuwa yamejaza maegesho, na foleni ya tiketi ilikuwa imetokeza nje ya mlango.