Fundi Matope: siku yangu moja chini ya eksikaveta

Watu wakisikia mimi ni fundi wa mashine wanafikiri nashinda kwa injini. Wapi! Nusu ya siku nimelala kwa tope, sepetu mkononi, nachokonoa udongo katikati ya rola, vile vigurudumu ambavyo cheni ya eksikaveta inapita juu yake. Hapa Tororo, Uganda, vijana wa saiti wananiita Fundi Matope, na sijakataa.

Saa 11 na nusu alfajiri naamka, chai, chapati, boda mpaka saiti. Tunachimba mtaro wa bomba za maji kwa eksikaveta mbili ndogo, zile zinazotembea kwa cheni za raba badala ya matairi.

Saa 12 na nusu, kabla opereta hajawasha, nazizunguka zote mbili na tochi. Naangalia rola za chini moja moja. Ile yenye oili imevuja pembeni na vumbi limegandia hapo, ujue sili, kile kizibo cha oili, imekufa, na sili ikishakufa maji na mchanga vinaingia ndani kula beringi. Kila wiki kuna mtu ananiambia "fundi, si uipige tu hiyo rola grisi?" Ssebo, haina nipo, ile chuchu ya kupigia grisi! Oili yake imefungiwa ndani kiwandani, ikitoka imetoka.

Mashine ya kwanza safi. Ya pili, hapo ndipo siku yangu ilipoharibikia.

Juzi cheni yake ya kushoto ilitoka. Ilitoka kwa sababu opereta alikuwa anaigeuza palepale iliposimama, ukingoni mwa mtaro, cheni moja mbele nyingine nyuma, kwa mteremko. Lakini mzee wa saiti akaamua kosa ni cheni kulegea, akamwambia opereta achukue bomba la grisi aikaze mpaka ilie kama ngoma, maana cheni hizi zinakazwa kwa kusukumia grisi ndani. Mimi sikuwepo. Halafu jana mvua ikapiga jioni, watu wakakimbia, mashine ikalala na tope lake. Sasa asubuhi hii lile tope jekundu limeshika kama tofali, limejaa kwa sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, limejaa kwa aidla, gurudumu la upande wa pili, na tope likijaa kwa sproketi linaikaza cheni zaidi ya ulivyoikaza wewe. Nikachora chaki kwa kila rola, nikamwambia opereta asogee polepole mita mbili. Alama zote zikazunguka isipokuwa ya rola ya tatu. Imekaa tu inamtazama Mungu, na cheni inapita juu yake inaisugua, tayari upande mmoja umekuwa bapa na unang'aa kama sahani.

Nikasema mashine isimame. Mzee wa saiti akaja mbio na buti zake.

"Fundi, hii mashine ikisimama saa moja unajua inakula pesa ngapi?"

"Najua mzee, lakini rola imekwama, ikiendelea itamaliza na cheni yenyewe."

"Inatembea ama haitembei?"

"Inatembea, lakini..."

"Basi ichimbe! Utatengeneza jioni."

Nikamwonyesha ule ubapa, nikamwambia mzee hii rola moja ni bei ya mbuzi wawili na cheni usiulize, yeye anasema mafundi wote ni hivyo mnatafuta kulala chini ya mashine, mimi nakaa kimya maana ni mtu mzima kama baba yangu, opereta naye anaangalia simu kama hayumo na ndiye aliyepiga ile grisi, vijana wa sururu wameshakaa chini wanafurahia sinema, na jua linapanda. Zaidi ya nusu saa tumebishana. Nusu saa hiyo ningekuwa nimeshatoa tope lote!

Mwisho akapigiwa simu, akaenda zake, nami nikamwambia opereta ainue upande ule kwa bumu, ule mkono wa kuchimbia, na bledi, lile bati la kusukumia udongo, tukaweka magogo chini. Nikalegeza valvu ya grisi, polepole na nikiwa nimesimama pembeni, kwa sababu grisi ile iko kwa presha ambayo inaweza kukutoboa ngozi. Ikatoka nyingi mpaka nikacheka. Bolti moja ya rola ikagoma, tukatia bomba kwa spana, tukaning'inia wawili, ikagoma, tukapiga nyundo, ikagoma, sijui ilikuwa saa ngapi, posho na maharage zilipita nikiwa chini, nilikula baridi nikiwa nimechuchumaa. Ikaachia baadaye sana. Rola ya spea tulikuwa nayo moja kwa boksi, asante Mungu.

Kukaza sasa. Kitabu cha mashine yetu kinataka cheni ikiwa imeinuliwa juu, ining'inie milimita 10 hadi 15 toka rola. Si ngoma. Ukikaza kupita hapo unakamua rola, aidla na beringi za sproketi zote kwa pamoja. Ukilegeza sana nayo inatoka. Nikapima, opereta akaisogeza mbele nyuma, nikapima tena.

Mzee wa saiti akarudi, akaiona inachimba. "Si nilisema itafanya kazi." Haya mzee.

Jioni, giza linaingia, wengine wanaondoka na mimi nabaki na sepetu na jerikeni za maji. Tope kubwa kwanza kwa sepetu, ndipo maji. Mashine ya kuoshea kwa presha tulikuwa nayo nikaikataa, vijana walikuwa wanaielekeza kwa sili moja kwa moja wanausukuma mchanga ndani wenyewe. Opereta akakaa kidogo, akachukua sepetu ya pili bila kusema kitu. Grisi ya juzi hatukuitaja.

Nimefika nyumbani saa 3 usiku, mgongo si wangu. Ile rola mbovu nimekuja nayo. Mama watoto ameshaiweka mlangoni upepo usiubamize, anasema nzuri kweli, ina upande bapa, haibingiriki.