Eurovision kutoka Unguja: nilivyopanga safari ya Basel

Eurovision ni shindano la nyimbo la kila mwaka la nchi, hasa za Ulaya, na Afrika imelishiriki mara moja tu. Moroko ilimpeleka Samira Bensaïd mwaka 1980, akatoka wa 18 kati ya nchi 19, na tangu hapo haikurudi. Kwa hiyo ukiwa Mzanzibari huna nchi ya kuishangilia pale, na tiketi wala haikuulizi. Inayokwamisha ni kalenda. Tiketi hutoka kwa kuchelewa, viza inataka uwahi, na hoteli hujaa kabla hujapata hiyo wala hiyo. Mimi nilipanga safari ya Basel, Uswisi, ya Mei 2025, na nyingi ya kazi ilikuwa hapa nyumbani, sio huko.

Kalenda yenyewe inakwenda hivi. Nchi iliyoshinda ndiyo huandaa mwaka unaofuata, isipokuwa ikishindwa kuandaa. Uswisi ilishinda mjini Malmö, Sweden, tarehe 11 Mei 2024, na Basel ikatangazwa kuwa mwenyeji tarehe 30 Agosti. Tiketi za kwanza ziliuzwa mwishoni mwa Januari 2025. Onyesho lilikuwa 13, 15 na 17 Mei. Sasa weka viza hapo katikati: ombi la viza ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uswisi ikiwemo, linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu ni ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kuivuta mpaka 45. Hesabu hizo 45 kama ndizo zako. Tena mwaka ule Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi, na kuvuka Dar kwa boti ya saa moja asubuhi, ukae foleni na folda lako, urudi na boti ya jioni huku umefunga, anayeweza aweze. Nikaiwekea viza mwezi wa Februari.

Hoteli nilishika mwanzo kabisa, kabla ya tiketi, kwa aina ile ya malipo ambayo ukifuta mapema hukatwi kitu. Hapa pana mtego, na wengi wanaingia. Basel iko pembeni ya nchi tatu. Tramu namba 8 inakupeleka Weil am Rhein, Ujerumani, na namba 3 inakwenda Saint-Louis, Ufaransa. Vyumba vya huko huwa rahisi, na kuvuka mpaka unavuka kama unatoka Mlandege kwenda Michenzani. Lakini viza ya Schengen huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukiomba Uswisi na karatasi ya hoteli inasema usiku wote sita unalala Ujerumani, umejijibu mwenyewe kwamba umekosea ubalozi. Ukitaka bei ya ng'ambo ya mpaka, basi omba kwa nchi hiyo unayolala. Au fanya kama mimi, lala Basel yenyewe. Faida yake mgeni wa hoteli za mji hupewa kadi ya BaselCard, na kwa hiyo usafiri wa tramu na basi mjini ni bure siku zote za kukaa kwako.

Karatasi za viza ni zile za kila mtu: pasipoti isiyozidi miaka kumi tangu itolewe, yenye kurasa mbili tupu na miezi mitatu ya uhai baada ya kurudi, picha ya milimita 35 kwa 45, bima ya safari inayofika euro 30,000, taarifa ya benki, barua ya kazini au leseni ya biashara, nafasi ya ndege, hoteli, na tiketi ya onyesho, ambayo ndiyo inayoeleza unakwenda kufanya nini. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukikataliwa hairudi.

Kwetu yanayoharibika ni mawili. La kwanza ni jina. Pasipoti imeandikwa Khamis, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kina Hamis, na benki wamekata jina la babu. Kwa sisi huyo ni mtu mmoja na mtaa mzima unamjua, lakini mkaguzi wa karatasi anaona watu watatu. Anza na benki, kwani kubadilisha jina la akaunti ni kazi ya siku chache; kisha hati ya kiapo kwa yaliyobaki. La pili ni barua ya sheha. Inathibitisha unakaa wapi na kwamba una familia ya kurudia, na nadhani ni karatasi nzuri kuliko wengi wanavyoidhania, ila imeandikwa kwa Kiswahili. Ipeleke ikafasiriwe Kiingereza na upeleke zote mbili, asili na tafsiri. Na usiingize benki fedha nyingi kwa mkupuo wiki moja kabla. Taarifa ya miezi iliyopita inaonyesha wazi kwamba hizo ni za kuazima.

Siku ya kununua tiketi kosa kubwa ni la saa. Januari Ulaya wamo katika saa za baridi, na sisi tuko mbele yao kwa saa mbili. Dirisha likifunguliwa saa nne asubuhi kwao, hapa ni saa sita mchana. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi tofauti inakuwa saa moja tu, ndiyo maana onyesho la Mei linaloanza saa tatu usiku Basel, hapa Unguja linaonekana saa nne. Aliyezoea saa ya Mei akaitumia Januari, hukaa kwenye kompyuta saa nzima kabla ya wakati, na huyo ana nafuu kuliko anayekosea upande wa pili.

Kwanza kulikuwa na kujisajili. Bila ya usajili wa mapema huingii hata foleni. Halafu kadi: iwe imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, kiwango chake cha siku kikubwa kuliko bei ya tiketi, na laini ya simu iliyofungamana nayo iwe mkononi, kwa sababu namba ya siri ya mara moja inakuja kwa ujumbe na ina dakika chache za kuishi. Jaribu kadi kwa kununua kitu kidogo cha nje siku mbili kabla. Kompyuta iwe na betri iliyojaa, na bando la simu liwe tayari umeme ukikatika. Foleni ya mtandaoni ukishaingia usiifunge wala usiifungue kwenye vifaa vitatu, inakutupa nyuma.

Sasa tiketi ipi. Watu wanadhani Eurovision ni usiku mmoja. Yanauzwa maonyesho tisa: nusu fainali mbili na fainali, na kila moja ina mazoezi mawili kamili ya hadhara, moja usiku wa jana yake na moja mchana wa siku yenyewe. Nguo ni zile zile, moto ule ule, kamera zile zile, watangazaji wanasema maneno yale yale. Kinachobadilika ni matokeo, kwa sababu mazoezini alama zinazosomwa ni za kubuni. Ukisikia nchi unayoipenda imetolewa mchana, usilie.

Kwa maoni yangu tiketi ya kuitafuta ni ya Ijumaa usiku, yale mazoezi ya usiku wa kabla ya fainali. Majaji wa kila nchi hutoa alama zao kwa kuangalia onyesho lile la Ijumaa, na alama hizo ni nusu ya matokeo. Austria ilishinda huko Basel kwa alama 436, na 258 katika hizo zilitoka kwa majaji. Maana yake waliokuwa ukumbini Ijumaa waliliona shindano likiamuliwa zaidi ya nusu, mwimbaji akijua anapimwa, kwa bei iliyo chini kuliko ya Jumamosi na kwa purukushani chache. Waimbaji huimba kwa sauti yao wenyewe juu ya muziki uliorekodiwa, kwa hiyo aliyechoka anasikika. Nusu fainali za 2025 ziliamuliwa na kura za watazamaji peke yake. Majaji wamerudishwa huko kuanzia 2026, na hilo linaupandisha thamani usiku wa mazoezi wa nusu fainali vile vile.

Aliyelelewa na taarabu ajiandae. Wimbo mwisho wake dakika tatu, jukwaani watu sita hawazidi, na baina ya wimbo na wimbo mafundi wana sekunde kama 40 za kuondosha vitu na kuleta vingine, wakati televisheni inaonyesha kifilamu kifupi. Huko nyumbani kwetu dakika tatu fidla bado zinasalimiana. Na kutunza hakuna, usijaribu kusogea na noti mkononi.

Kusimama au kukaa? Kusimama ni karibu na jukwaa na ndiko kwenye mashamrashamra, ila ukitoka nafasi umeipoteza, na fainali huchukua karibu saa nne nzima. Mimi nilichagua kiti, na sababu ni ya swala. Katikati ya Mei jua la Basel linazama kama saa tatu usiku, yaani Magharibi inaingia onyesho linapoanza. Msafiri anaweza kuichelewesha akaikusanya na Isha, mradi aweke nia kabla wakati wa Magharibi haujatoka. Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafii, aliyenuia kukaa siku nne kamili, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, ruhusa hiyo hana. Na mtu wa wiki nzima ya Eurovision ndiye huyo. Mwenye kiti hutoka wakati wa mapumziko ya kura za nusu fainali au wimbo asioujali, akaswali pembeni mwa korido, akarudi kitini kwake.

Cha kuswalia nilibeba kanga. Doti moja, nusu yake tandiko, nusu ya pili kujifunika, maana usiku wa Mei kule ni baridi ya kwelikweli kwa mtu wa pwani. Ukiikunja inaingia katika mkoba usiozidi ukubwa wa karatasi ya A4, kipimo ambacho kumbi nyingi za Ulaya hazivuki. Bendera ni habari nyingine. Malmö 2024 ziliruhusiwa za nchi zinazoshiriki na ya upinde wa mvua tu, kwa hiyo ya Tanzania ingebaki mlangoni. Basel watazamaji waliruhusiwa bendera yoyote isiyovunja sheria za Uswisi, na ya Zanzibar, buluu, nyeusi na kijani, ilipita. Masharti haya hubadilika kila mwaka. Yasome wiki ile ile, na mti wa bendera uache nyumbani.

Vitu vidogo vinavyosumbua: Uswisi haitumii euro, na bando nyingi za simu zinazosema "Ulaya nzima" haziihesabu. Pale mpakani simu hurukia mitandao ya Ufaransa na Ujerumani bila ya kukuuliza, basi chagua mtandao kwa mkono. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii. Adapta ya pini mbili nyembamba inaingia, ila ile nene ya mviringo ya Kijerumani inagoma kwenye soketi ya Uswisi, na ndiyo iliyojaa madukani Darajani. Chukua nyembamba. Tiketi ikiwa ndani ya simu, betri ndiyo tiketi.

Ndege ya Basel hutua EuroAirport, ambao uko ardhi ya Ufaransa. Fuata kibao cha Uswisi, panda basi namba 50 mpaka stesheni kuu. Ukitua Zürich, treni ni kama saa moja na robo. Ukumbi wa St. Jakobshalle unafikiwa kwa tramu namba 14.

Na usiku wa Jumamosi, bila ya tiketi ya fainali? St. Jakobshalle iliwekwa watu kama 6,500, na uwanja wa mpira wa jirani, St. Jakob-Park, uliuza nafasi 36,000 za kuangalia kwenye skrini kubwa. Wiki ilifunguliwa Jumapili ya tarehe 11 kwa msafara wa tramu za zamani kutoka ukumbi wa manispaa, nchi zote 37 zikipita, na huo hauna kiingilio, unasimama tu barabarani. Kura yako pia unayo: tangu 2023 nchi zisizoshiriki hupiga mtandaoni kwa kadi, na dunia yote hiyo ikijumlishwa inahesabiwa kama nchi moja. Kadi ya benki ya hapa inatambulika kuwa ya Tanzania hata ukiwa Basel, ila ile namba ya siri itakuja tena kwenye laini ya nyumbani, basi laini hiyo usiiache droo.