Siku moja maishani mwangu: ndege wa Kibirizi asubuhi, mezani Mwanga jioni

Saa 11:30 alfajiri

Asubuhi napiga picha za ndege kwenye ufukwe wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika; jioni tunakutana wapiga picha wachache Mwanga, mtaa wa mji huo huo, kuzichambua mezani. Mfuko unakaguliwa kabla ya kutoka: betri mbili zilizojaa, kadi mbili zilizofomatiwa ndani ya kamera yenyewe, lenzi ya milimita 150-600, kitambaa kikavu na kipande cha turubai cha kulalia. Turubai watu hulidharau, wakati ndilo linaloamua nusu ya picha za asubuhi.

Saa 12:15 asubuhi

Kibirizi tayari kumechangamka. Mitumbwi iliyokesha ziwani na taa inarudi na dagaa, kina mama wanasubiri na mabeseni, yangeyange wanazunguka pembeni wakingoja kinachodondoka. Salimia kwanza, omba nafasi, ndipo utoe kamera. Hapa ni mahali pa kazi za watu, na mvuvi aliyesalimiwa vizuri atakuonyesha mwenyewe mtumbwi ambao mdiria, ndege mla samaki, hupenda kutua juu yake.

Kigoma iko mbali magharibi lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, hivyo jua huku huchomoza karibu saa moja, na vilima vya nyuma ya mji hulichelewesha zaidi. Kabla halijatoka sipigi ndege wanaoruka: mwanga hautoshi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) itapanda mpaka manyoya yageuke uji. Nusu saa hii ni ya kuchagua mahali pa kukaa.

Kinachochaguliwa si ndege, ni kilicho nyuma yake. Ukipiga umesimama, kamera inatazama chini, na nyuma ya ndege kuna mchanga ulio mita mbili tu kutoka kwake. Kila kokoto inaonekana na jicho la mtazamaji linatangatanga. Ukilala kwenye turubai, nyuma ya ndege kunakuwa na maji ya mita mia na zaidi, nayo yanalainika kuwa rangi moja. Ila ukiwa chini hivyo, upeo wa macho unaingia kwenye fremu pamoja na mitumbwi yote iliyotia nanga. Ufukweni palipo tambarare, mstari wa upeo humkata ndege kwenye kimo kile kile cha lenzi. Yangeyange mdogo husimama kama sentimita 60. Lenzi ikiwa sentimita 45 juu ya mchanga, mstari unapita shingoni na picha imekwisha. Ishushe hadi 15 upite miguuni, au inuka uzidi kimo chake. Hili hurudi mezani kila mara tunapokutana, kwa sababu kwenye kioo kidogo cha kamera halionekani.

Saa 1:20 mpaka 3:30

Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ndege hutua, huruka na huelea akiuelekea upepo. Kwa hiyo mdiria anayeelea juu ya maji anakutazama wewe uliye ufukweni, jua likiwa mgongoni mwako na likimwangaza usoni. Upepo ukigeuka na kuvuma kutoka ziwani, ndege wale wale wanakuonyesha mikia. Kiangazi, Mei hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki hushika nguvu na mpangilio huu hubadilika. Sogea upande wa kusini wa ufukwe ili ndege akuelekee.

Mdiria mweusi na mweupe hutulia kichwa huku mabawa yakipiga, hivyo jicho linaweza kutoka kali hata kwa shata ya 1/1600 ya sekunde, ila ncha za mabawa zinataka 1/2500 hadi 1/3200. Apecha (tundu la lenzi) f/6.3, ISO ya otomatiki yenye kikomo cha 3200. Kwa sababu ya tumbo jeupe napunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (kushuka stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu). Kwa yangeyange, stopu nzima. Mnandi akitua kwenye nguzo hiyo hiyo, mweusi tii, unahitaji kinyume chake. Ndiyo maana jua likishatulia ni bora kwenda manual kabisa, upange mwanga mwenyewe, vinginevyo kamera inadanganywa na kila kinachopita nyuma.

Fokasi ya kutambua jicho ni msaada mkubwa juu ya maji matupu, lakini karibu na kamba na nyavu huruka kwenda kwenye kamba. Hapo tumia eneo dogo la katikati. Usijaze fremu: mdiria akifungua mabawa anahitaji nafasi pande zote, na bawa lililokatwa ncha halirudishiki.

Saa 3:45

Mchanga umepata joto na hewa juu yake inatetemeka. Picha zinatoka laini hata fokasi ikiwa sahihi, na ukali wa kompyuta hauziponyi. Wengi huilaumu lenzi. Mimi hufunga mfuko.

Saa 5:00

Uchambuzi wa kwanza ni wa swali moja: jicho ni kali? Lisipokuwa kali, futa, hata kama mkao ni mzuri. Wa pili unahusu pembe ya kichwa: kikielekea kamera hata kidogo tu, picha inazungumza, kikigeukia upande wa pili, ndege anaondoka kwenye picha. Wa tatu ni wa mezani, na ninachagua tatu: ninayoiamini, yenye kitu kinachonisumbua, na ninayoipenda bila kuweza kueleza sababu. Hiyo ya mwisho ndiyo hufundisha zaidi.

Saa 7:00 mchana

Kwetu jua huwa utosini saa saba, si saa sita. Ugali na mgebuka.

Saa 9:00 alasiri

Kuhariri kuna mpangilio, na kuuruka ndiko kunakoleta picha zinazochosha macho. Kwanza mizani ya weupe, kwa kutazama manyoya meupe yaliyo kwenye jua. Yakionekana ya bluu, pasha rangi joto kidogo. Pili mwanga, histogramu (grafu ya giza na mwanga) ikiwa wazi. Tatu kukata. Faili la megapikseli 24 lina pikseli 6000 kwa 4000. Ukikata kila upande nusu unabaki na megapikseli 6, zinazotosha kuchapa sentimita 25 kwa 17 kwa ubora kamili. Chini ya hapo, kubali kwamba ndege alikuwa mbali. Nne kupunguza kelele (chembechembe za ISO kubwa), kwenye maji tu, manyoya yaachwe. Ukali ni wa mwisho. Faili asili la RAW (picha ghafi ya kamera) linabaki kama lilivyo, kwa sababu litaombwa jioni.

Saa 11:00 jioni

Tunakutana Mwanga, laptopu moja mezani, mwangaza wa kioo umeshushwa na ile rangi ya manjano ya usiku imezimwa. Kioo chenye mwanga mkali humfanya kila mtu atoe picha za giza.

Kanuni ya kwanza ni ya heshima zetu wenyewe. Kijana hawezi kumwambia mzee mbele za watu kwamba picha yake imepinda. Atasema "nzuri sana, mzee" na kunyamaza. Kwa hiyo mdogo kwa umri huanza kusema, na mzee hufunga. Mwenye picha hasemi neno mpaka wote wamalize, maana akieleza mapema jinsi alivyolala majini kuipata, watu watahukumu juhudi badala ya picha.

Picha inafunguliwa kwa sekunde tano, kisha inafichwa. Kila mtu anataja alichoona kwanza. Inafunguliwa tena, na kila mtu anasema jicho lake lilitokea wapi na nini kililivuta pembeni. "Umetisha kaka" hairuhusiwi peke yake. Kila maoni lazima yaishie kwenye kitendo ambacho miguu au mikono inaweza kukifanya kesho ufukweni, au kwenye kompyuta usiku huu.

Leo kuna picha ya mdiria dume (mistari miwili kifuani; jike ana mmoja uliokatika katikati) juu ya kamba ya mtumbwi, dagaa mdomoni. Baada ya sekunde tano, watatu kati ya wanne wanataja nguzo nyeupe iliyo nyuma kulia. Hakuna aliyetaja dagaa.

"Ungesogea nusu hatua kushoto," anasema dada mmoja, "nguzo ingejificha nyuma ya ubavu wa mtumbwi."

Kijana anabisha: "Si aikate tu?"

Tunaikata hapo hapo. Nguzo inatoka, lakini mdomo wa ndege sasa unagusa ukingo wa fremu na dagaa hana pa kwenda. Tunajaribu kuitia giza: inapungua nguvu, ila bado ipo. Mzee anaomba faili asili, na ndipo linaonekana tatizo la pili ambalo halikuwa ufukweni kabisa. Ukali uliongezwa kwenye picha nzima, na kando ya mgongo mweusi kuna mstari mweupe mwembamba kama wa mkasi. Dawa yake ni kupunguza nusu-kipenyo (radius) cha ukali hadi 0.8, na kutumia barakoa (mask) ya programu ili ukali ushike manyoya peke yake. Kifua nacho kimeungua: onyo la mwanga linapepesa pale palipopaswa kuonekana unyoya mmoja mmoja. RAW inayo taarifa hiyo; kushusha maeneo angavu kunairudisha.

Kufuta nguzo kabisa kwa programu kulijadiliwa. Msimamo wetu ni mmoja: vumbi la sensa futa, kilichokuwepo ufukweni kiache. Picha ya ndege ni ushahidi wa mahali pia, na mtu akitazama Kibirizi isiyo na nguzo anatazama mahali pasipokuwepo. Anayetaka kufuta aseme wazi chini ya picha.

Kwa msimamo huo huo, picha ya ndege aliyeitwa kwa sauti ya simu au aliyekurupushwa kiotani hatuipitii, hata iwe kali kiasi gani.

Saa 2:00 usiku

Faili moja la RAW linakwenda kwa wanne wote, kila mtu dakika kumi na tano, bila kuchungulia. WhatsApp hubana picha ikitumwa kama picha, hivyo itume kama dokumenti. Kisha matoleo manne yanapangwa pamoja kwenye kioo kimoja. Leo mawili yana ziwa la bluu kupita kiasi, na sababu ni ile ile: rangi zote zilipandishwa kwa pamoja. Ukipandisha, shika rangi moja moja, na bluu iguswe mwisho. Toleo la dada lina maji tulivu na kahawia ya kamba iliyolowa. Linachaguliwa, linahifadhiwa kwa sRGB, mpangilio wa rangi ambao simu nyingi huuelewa, pikseli 2048 upande mrefu. Adobe RGB, mpangilio mpana zaidi, ikifunguliwa kwenye simu isiyoielewa, rangi hufifia na mdiria huonekana mwenye vumbi.