Napoli, mwaka ambao wanafunzi walilala melini

Nilifika Napoli Julai 2019, Universiadi ikiwa imeshashika kasi. Kutoka Roma ni mwendo wa saa moja na ushei kwa treni ya kasi, na ukishuka tu stesheni joto linakupokea. Wenyeji wenyewe walikuwa wakitembea upande wenye kivuli.

Universiadi, kama ilivyoitwa wakati ule, ni michezo ya dunia ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Ilianzia Torino, Italia hiyohiyo, mwaka 1959, na mtu aliyeianzisha ni Primo Nebiolo. Mshiriki awe anasoma chuo au awe amehitimu karibuni, na kwa masharti ya mwaka ule asiwe amevuka miaka 25. Naipenda michezo hii kwa sababu hiyo. Unamwona bingwa akiwa bado ana mitihani ya kurudia nyumbani kwake, kabla matangazo ya biashara hayajamfikia.

Napoli haikuwa ya kwanza kupewa kazi hii. Mwenyeji alikuwa Brasília, ukajitoa kwa sababu ya fedha, na mwaka 2016 Napoli ikakubali kuubeba mzigo. Miaka mitatu ni michache mno kujenga kijiji cha wanamichezo, basi hawakujenga. Walileta meli mbili za kitalii, MSC Lirica na Costa Victoria, wakazifunga gatini katikati ya mji, na maelfu ya wanafunzi wakalala humo. Wengine waliwekwa kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Salerno kule Fisciano, na wengine hotelini upande wa Caserta.

Asubuhi yangu ya kwanza nilikwenda bandarini kuziona. Ukisimama mbele ya ile ngome kongwe ya Castel Nuovo, meli ziko usoni pako, ndefu, zimepanda juu kupita majengo ya gatini. Kwenye vibaraza vya vyumba zilianikwa taulo, jezi, na nguo nyeupe za judo zikining'inia kwa mikono yake mipana. Wanafunzi waliteremka kwa makundi, vitambulisho shingoni, mabegi mgongoni, wakielekea kwenye mabasi. Pembeni ya uzio wawili walikuwa wakibadilishana beji za nchi zao. Hawakuwa na lugha moja. Mmoja alionyesha kwa kidole, mwingine akatikisa kichwa, wakaanza upya mpaka wakapatana. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Nyuma ya bandari niliingia kwenye kibaa cha kahawa. Napoli kahawa hunywewa kwa kusimama, kikombe kidogo, mafunda mawili au matatu, unaondoka. Mzee mmoja kando yangu alilipia vikombe viwili akanywa kimoja. Cha pili alikiacha kwa yeyote atakayeingia bila pesa. Ni desturi yao ya siku nyingi. Muda si mrefu akaingia binti mwenye fulana ya kujitolea ya michezo, amechoka waziwazi, na mwenye baa akamwekea kikombe mbele yake bila kumwuliza kitu. Mzee hakugeuka hata kumtazama. Nilipenda sana ule utu usiotaka kuonekana.

Moyo wa michezo ulikuwa mtaa wa Fuorigrotta. Unapanda treni ya chini ya ardhi, njia namba 2, unashuka Campi Flegrei, na baada ya hatua chache uwanja wa San Paolo uko mbele yako. Mtaa mzima umekaa ndani ya bonde la volkeno nyingine, si ile ya Vesuvio unayoiona upande wa pili wa mji. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1959, mwaka uleule wa Universiadi ya kwanza. Kwa michezo hii ulipewa viti vipya, taa mpya na njia mpya ya kukimbilia. Jirani yake kuna bwawa la Scandone, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Mediterania ya 1963, nalo lilifufuliwa. Hatua chache tena uko Mostra d'Oltremare, viwanja vya maonyesho vya mwaka 1940, ambako palipigwa judo na mbizi.

Nasema kwa dhati: hivi ndivyo michezo ya wanafunzi inavyopaswa kuandaliwa. Nimeona picha za viwanja vilivyojengwa kwa wiki mbili za sherehe kisha vikaota majani. Hapa bibi wa ghorofa ya tatu alikuwa anaangalia wakimbiaji wakipasha misuli mtaani kwake, akiwa barazani na kikapu chake cha maharage mabichi, na bwawa lililokarabatiwa litabaki la wajukuu zake.

Jioni ya Julai 9 nilikuwa San Paolo kuangalia fainali ya mita 100 wanawake. Majukwaa hayakujaa, lakini waliokuja walikuja kwa nia. Dutee Chand wa India alitoka vizuri, akaongoza, na mita za mwisho Ajla Del Ponte wa Uswisi akawa anamla taratibu. Macho yangu hayakuweza kuamua. Ubao ukaandika 11.32 kwa Chand na 11.33 kwa Del Ponte. Chand ni mtoto wa wafumaji wa nguo wa jimbo la Odisha. Mwaka 2014 alizuiwa kukimbia kwa kanuni zilizoweka kikomo cha homoni ya testosteroni kwa wanawake, akapeleka shauri mahakama ya usuluhishi ya michezo, na 2015 kanuni ile ikasimamishwa. Hakuna mwanamke wa India aliyekuwa ameshinda mita 100 za Universiadi kabla yake. Niliposimama kumpigia makofi nilikuta jirani zangu wote, Waitaliano watupu, wameshasimama.

Jambo moja hutaliona Olimpiki. Tangu Torino, desturi ya Universiadi ni kwamba mshindi hapigiwi wimbo wa taifa lake. Unapigwa Gaudeamus igitur, wimbo wa Kilatini wa wanafunzi, uleule kwa kila mshindi. Bendera inapanda ya nchi, sauti inakuwa ya wote. Kwangu mimi hii ni heshima kubwa kuliko medali yenyewe.

Waitaliano wenyewe wana deni na michezo hii. Pietro Mennea alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.72 kwenye Universiadi ya Mexico City mwaka 1979, na rekodi hiyo ya dunia ikadumu mpaka 1996. Watu wazima niliokaa nao uwanjani walilitaja jina lake kama la ndugu yao.

Siku moja nilipanda treni hadi Caserta, ambako fainali za upinde na mishale zilifanyika kwenye kasri la kifalme, lile lililoanza kujengwa 1752 kwa ramani ya Luigi Vanvitelli. Kasri ni kubwa kupita kiasi, jua lilikuwa kali kupita kiasi, na mchezo wenyewe unadai subira. Nilirudi Napoli mapema.

Nilichofurahia zaidi kilikuwa Scandone, siku za kuogelea. Ukumbi wa bwawa umefunikwa, kelele zinagonga dari na kukurudia, hewa nzito ya klorini. Huko kulikuwa na Tatjana Schoenmaker, mwanafunzi wa Pretoria, Afrika Kusini, muogeleaji wa mtindo wa chura. Alichukua dhahabu ya mita 100, akachukua na ya mita 200. Majukwaani tulikuwa Waafrika wachache mno, tukajikuta tumekaa pamoja bila kupanga, tukipiga kelele za watu mia.

San Paolo sasa unaitwa Diego Armando Maradona. Jina lilibadilishwa Desemba 2020, baada ya kifo chake. Julai 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Schoenmaker aliogelea mita 200 kwa dakika 2 na sekunde 18.95, rekodi ya dunia ya wakati ule, na dhahabu pekee ya Afrika Kusini kwenye michezo ile. Niliokuwa nao mbele ya runinga wakauliza huyu katokea wapi. Nikawaambia ametoka Pretoria, kapitia Napoli.