Mchoro wa bure ulinila plaiwudi mbili: nilivyopata mchoro sahihi wa kayaki

Nilipotaka kujiundia kayaki, mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, karibu kila niliyemuuliza alinijibu, "Usinunue mchoro, ya bure imejaa intaneti." Ushauri huo ulinila plaiwudi mbili za milimita 4, na hadi leo nikiukumbuka nakereka.

Mchoro nilioupakua ulikuwa wa kayaki ya mita 5.2. Mbao za ubavuni nilizichora kwa kufuata namba za jedwali. Mataruma, yaani mbavu za ndani zinazoshika umbo la chombo, nikayachapisha kwenye karatasi, nikazibandika juu ya plaiwudi na kukata. Kuja kuunganisha, taruma la katikati lililotakiwa kuwa na upana wa sentimita 58 linapwaya! Pengo la karibu sentimita 2. Nikalaumu msumeno, nikalaumu mkono wangu, nikapima kila kipande upya mpaka usiku. Ndipo nikaona pembeni mwa karatasi mraba mdogo ulioandikwa sentimita 10. Nikauwekea rula: 9.7. Printa ilikuwa imepunguza kurasa zote ili zienee kwenye karatasi. Jamani, pimeni mraba huo kabla ya kushika msumeno, na mchoro usio nao muuache.

Safari ya pili nilitafuta kwa subira. Seti zenye vipande vilivyokwisha kukatwa ni nzuri kwa asiye na nafasi ya kukatia, lakini pamoja na usafirishaji ingenitoka kama mara mbili ya kununua mchoro na kujitafutia vifaa. Nikanunua mchoro wa ukubwa kamili, wa njia ya kushona mbao kwa waya wa shaba, kisha kuziba kwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya, na kitambaa cha faibaglasi. Kabla ya kulipa nilihakikisha una orodha ya vifaa na uzito wa mtu ambaye chombo kinambeba.

Kilichobaki kunitia hofu ni viungo. Plaiwudi moja ina mita 2.44 tu, kwa hiyo lazima uunge, na kiungo imara hutaka ncha za mbao zipigwe randa ziwe mteremko, zilaliane na kugundishwa. Urefu wa mteremko uwe mara 8 ya unene: kwangu milimita 32. Niliambiwa bila mashine sitaweza. Nikapanga mbao nne moja juu ya nyingine kama ngazi, kila ya juu ikirudi nyuma milimita 32, nikazibana juu ya meza na kuzipiga randa zote kwa pamoja. Uzuri wake ni kwamba matabaka ya plaiwudi yenyewe yanakuongoza. Yakionekana kama mistari iliyonyooka, uko sawa; yakipinda, umezidisha upande mmoja. Randa iwe kali kweli, maana gundi ya ndani hula makali upesi. Mbao nne zilinichukua muda usiofika saa moja.

Siku ya kushona nilivuta waya za omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, taratibu, sikio likiwa kwenye mbao. Zilikunjika zote, na hakuna kiungo hata kimoja kilicholia.