Hiyo Si Sauti ya Baba

Shangazi aliweka vitu viwili mezani: kaseti ya dakika 90 isiyo na kasha, na santuri moja ndani ya jalada lililochakaa kingo. Kaseti ndiyo iliyomleta: alitaka niihamishie kwenye kompyuta sauti iliyomo. Jioni moja ya zamani babu, yaani baba yake, alikuwa amezungumza na wanawe huku redio kaseti ikirekodi, na sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

"Mwanangu, hii ikikatika basi," alisema, akaishia hapo.

Sikuitia kwenye mashine moja kwa moja. Vile vijino viwili vya mgongoni vilikuwa bado vipo, nikavivunja kwa ncha ya bisibisi. Vikiwepo, kidole kikigusa kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, sauti hufutika na hairudi tena. Kisha nikaiangalia kwenye mwanga kupitia kidirisha chake. Pembezoni mwa utepe hapakuwa na unga mweupe, na hilo lilinipa moyo, maana unga ule ni ukungu, na kaseti yenye ukungu hukichafua kichwa cha mashine, yaani kile kinachosoma utepe, na kuziambukiza zitakazofuata.

Kilichokosekana ni kile kitambaa kidogo kilichobandikwa kwenye bati jembamba linalonesa, katikati ya mdomo wa kaseti. Gundi yake hukauka kwa miaka, nacho kikadondoka. Kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye kichwa. Kisipokuwepo sauti husogea karibu na kwenda mbali, kama mtu anayezungumza huku akigeuza uso. Mtu asiyelijua hilo huanza kulaumu mashine.

Kaseti nyingine hufungwa kwa skrubu tano, na hizo hufunguliwa kwa dakika moja. Ya babu ilikuwa imegandishwa kiwandani, haina skrubu hata moja. Niliilaza juu ya taulo, nikapitisha wembe taratibu kwenye mshono, bila kuuzamisha zaidi ya milimita mbili, nikizunguka pande zote hadi ganda la juu likaachia lenyewe. Hapo ndipo mikono inapotakiwa kutulia. Utepe una upana wa milimita 3.81 tu, na wa kaseti ya dakika 90 ni mwembamba kuliko wa dakika 60, kwa hiyo ukikunjika, alama ya mkunjo haiondoki. Nilichukua kaseti nyingine ya skrubu tano isiyo na kitu cha maana, nikatoa magurudumu yake na kuyaweka ya babu mahali pale, utepe ukipita nje ya viroda viwili vya kwenye kona na mbele ya kitambaa kizima. Zile karatasi mbili laini za juu na chini nazo zirudi, kwa sababu ndizo zinazoyafanya magurudumu yateleze. Skrubu nilizikaza hadi ziliposhika tu. Ukizidisha, ganda hubana na utepe huvutwa kwa shida.

Penseli yenye pembe sita huingia vizuri kwenye meno ya gurudumu. Niliizungusha kidogo ili utepe ukazane, kisha nikaipeleka kaseti yote hadi mwisho na kuirudisha mwanzo. Utepe uliolala miaka mingi hushikamana, tabaka moja likaliambukiza jirani yake usumaku, na ndipo unaposikia neno dogo la mbali kabla ya neno lenyewe. Kuuzungusha wote hupunguza hilo, ingawa haliishi.

Kichwa na kile kipini cha chuma kinachovuta utepe nilivisafisha kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Pamba ya kwanza ilitoka na rangi ya kahawia. Niliendelea hadi ikatoka nyeupe. Roda ya mpira niliifuta kwa maji na tone la sabuni, kwa kuwa alkoholi ikirudiwarudiwa huukausha mpira.

Waya ulitoka kwenye tundu la nyuma la deki, ile mashine ya kuchezea kaseti, kwenda kwenye kisanduku cha sauti cha USB, kwenye tundu la "line in", lile la kupokea sauti ya mashine nyingine. Tundu la maikrofoni halifai: limetengenezwa kwa mawimbi dhaifu sana, na hapo sauti ya deki hupasuka hata ukiipunguza. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi sauti, niliweka sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, biti 24, faili ya WAV. Saa moja ya stirio kwa kiwango hicho hula takriban gigabaiti moja. Kilele cha sauti nilikiacha kwenye desibeli 10 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu, maana mtu akicheka ghafla kwenye kaseti, kicheko hicho kinahitaji nafasi. Kitufe cha Dolby, kile cha kupunguza kelele za utepe, nilikizima. Redio kaseti iliyorekodi haikuwa nacho, na kukiwasha wakati wa kucheza kungezila sauti za juu bure.

Dakika arobaini na tano zikapita, mawimbi yakaonekana mazuri kwenye kioo. Nikamvalisha shangazi spika za masikioni.

Alisikiliza kidogo, akazivua. "Hiyo si sauti ya baba. Baba hakuwa mzito hivyo, wala hakuongea kama mtu aliyejifunika shuka."

Yalikuwa malalamiko mawili ndani ya sentensi moja, na yote mawili yalikuwa kweli.

La shuka lilikuwa pembe ya kichwa. Ufa mwembamba wa kichwa unapaswa kuukata utepe kwa nyuzi 90. Kama mashine iliyorekodi ilikuwa imeinama kidogo, mashine iliyonyooka haiwezi kuisoma vizuri, na sauti za juu ndizo zinazopotea kwanza. Hapo huifuati kanuni ya kiwandani, unaifuata kaseti. Kando ya kichwa kuna skrubu mbili. Ya kugeuza ni ile yenye springi chini yake, mara nyingi imetiwa tone la rangi. Nilichora mstari wa kalamu ya wino mzito kwenye skrubu na kwenye bati lake, ili nijue pa kurudi. Halafu nikaunganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja. Pembe ikikosewa, upande mmoja hutangulia mwingine kwa kitambo kidogo mno, na vikiunganishwa vinafutana huko juu, kwa hiyo kosa husikika wazi kuliko kwenye stirio. Nikageuza kwa upole, sikufika robo mzunguko, nikisikiliza herufi "s" peke yake. Ilififia, ikarudi, ikang'aa, ikafifia tena. Nikarudi pale ilipong'aa.

Wapo wanaoiacha skrubu na kupandisha sauti za juu kwenye kompyuta. Hilo silikubali. Kile ambacho kichwa hakikukiokota hakimo ndani ya faili. Unachopandisha ni mchuruziko wa utepe tu, ile "shii" ya nyuma ya maneno.

Nikarekodi upya, dakika zote. Shuka lilikuwa limeondoka. Uzito ulibaki.

Uzito ulikuwa mwendo. Kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, na mkanda wa mpira wa deki ukilegea, au mashine ya kurekodi ikiwa ilikimbia, kila kitu hushuka. Lakini kimeshuka kiasi gani? Dakika hazisemi, kwa sababu kaseti nyingi huwa na utepe wa ziada kidogo. Jibu lilikuwa kwenye mvumo. Ile redio kaseti ilichomekwa ukutani siku ile, na umeme wa hezi 50 uliacha mvumo wake chini ya maneno ya babu, pamoja na mvumo wa mara tatu yake, hezi 150. Nikachagua sekunde kadhaa ambazo hakuna anayezungumza, nikafungua mchoro wa masafa, unaoonyesha nguvu ya sauti kwa kila hezi, wenye ukubwa wa sampuli 65,536, ambao kwa sampuli 48,000 hupima kwa hatua ya hezi 0.73. Karibu na 150 paliota vilele viwili: kimoja kwenye 150 kamili, kingine kwenye 145.8. Nikasimamisha kaseti na kupima tena. Cha 150 kilibaki, hivyo kilikuwa changu, kinatoka kwenye chaja ya laptopu. Cha 145.8 kilitoweka. Hicho kilikuwa cha jioni ile.

150 ukigawa kwa 145.8 unapata 1.0288. Babu alikuwa amecheleweshwa kwa karibu asilimia 3, sawa na nusu ya hatua ndogo ya kinanda. Nilipima tena katikati na mwishoni, nikakuta 145.8 ileile, kama ingetofautiana, mkanda ungekuwa unateleza na sahihisho moja lisingetosha. Faili ghafi nikaihifadhi bila kuigusa, na kwenye nakala nikaongeza mwendo kwa asilimia 2.88. Njia ihusuyo mwendo ndiyo inayofaa hapa, maana ya kubadili sauti peke yake huacha mtu akiongea polepole. Mchuruziko niliupunguza desibeli 6 tu. Ukizidi hapo maneno huanza kulia kama yako ndani ya maji.

Wakati nakala inaandaliwa niliishughulikia santuri, nayo haikusumbua. Ilikuwa ya vinaili, mizunguko 33⅓, nikaiosha kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone la sabuni, nikifuata mifereji, bila kulowesha lebo. (Zile za zamani za mizunguko 78 nyingi ni za shelaki, na alkoholi huziyeyusha, zisiguswe nayo.) Waya wa ardhi niliufunga kwenye kikuza sauti cha santuri, mvumo ukakata. Mikwaruzo mikubwa niliiziba mmojammoja kwa mkono, kila mmoja ukiwa chini ya sampuli 128.

Shangazi alivaa spika tena. Sikumuuliza kitu. Alifumba macho, na mkono wake ukaanza kugonga meza taratibu kufuata namna babu alivyokuwa akikata maneno.

"Huyo ndiye," alisema. Halafu, bila kufumbua macho: "Geuza upande wa pili, mwanangu."

Niligeuza. Upande wa pili utepe hupita ukiwa umepinduliwa, na ganda hulala kwa uso wake mwingine, kwa hiyo pembe haikuwa ileile. Nikachukua bisibisi na kuanza kuitafuta "s" upya.