Buibui wa mlimau

Leo ni wiki ya tatu tangu nimzuie mdogo wangu asiufagie utando uliotandwa kati ya mlimau na kamba ya kuanikia nguo, na haijapita asubuhi hata moja bila mimi kusimama pale. Ni buibui jike, ambaye jina lake la kitaalamu ni Trichonephila inaurata. Kiwiliwili chake hakifiki urefu wa kidole gumba, lakini akiinyoosha miguu yake myekundu yenye vifundo vyeusi, karibu inaenea kiganja. Hukaa kichwa chini, usiku na mchana, juu kidogo ya katikati ya utando. Mama aliuliza kama ana sumu. Nikamjibu kuwa anayo, ya kuulia wadudu, wala haina hatari kwa mtu.

Jua linapopenya majani, nyuzi hung'aa kama dhahabu, na rangi hiyo si ya jua, kwani hariri yenyewe ni ya manjano. Huko Madagaska, buibui wa aina hii zaidi ya milioni moja walikusanywa na kukamuliwa hariri, ikafumwa kitambaa kimoja kilichoonyeshwa New York mwaka 2009.

Kinachonivuta zaidi ni anavyoutunza utando wake. Buibui wengi wa tando za duara huubomoa wote, wakaula, kisha wakatanda upya. Huyu hutengeneza upande mmoja na kuuacha mwingine, hivi kwamba jana alfajiri nilikuta kushoto kumefumwa upya, nyuzi zikinata, na kulia bado kuna matundu ya juzi na bawa la nondo. Pembezoni wanaishi vijibuibui vya rangi ya fedha, mfano wa matone ya maji, vinavyookota vidudu ambavyo mwenyewe havimshughulishi.

Dume nilimdhania mtoto wake, kwa kuwa ni mdogo kuliko ukucha wangu. Jioni hii panzi alinasa. Jike akamuuma kwanza, ndipo akamfunga nyuzi na kuanza kula. Dume, aliyekuwa ametulia juu kabisa tangu asubuhi, akashuka polepole, uzi baada ya uzi, akasimama nyuma ya mgongo wake. Giza likaingia nikiwa bado nawatazama. Nguo mama amehamishia kamba ya upande wa jikoni.